Nani Aamuaye Kwamba Mnyama Fulani Asiuawe?

Mkulima ambaye shamba lake la mahindi limekanyagwa na ndovu usiku mmoja, kisha asubuhi akaambiwa kwamba ndovu yule ni mnyama alindwaye kwa sheria kali, hakosi kuuliza: Sheria hiyo ilitungwa na nani, na kwa kipimo gani? Mbona adhabu ya kuua mnyama mmoja ni kubwa kuliko adhabu ya kuua mwingine, hali wote wametoka katika pori lile lile? Hili ni swali la haki. Wengi hudhani kwamba mzungu mmoja au waziri mmoja alikaa ofisini akaandika majina ya wanyama awapendao. Zamani mambo yalikaribia kuwa hivyo, lakini siku hizi sivyo, na ni vema msomaji ajue jinsi yanavyokwenda, maana yanagusa shamba lake, mifugo yake na hata uhai wake.

Orodha ya kwanza kubwa ya wanyama wa Afrika iliandikwa London mwezi wa Mei, mwaka 1900. Wajumbe wa Serikali za Ulaya zilizotawala bara hili walikutana huko wakatia sahihi mapatano ya kuhifadhi wanyama wa mwitu, ndege na samaki wa Afrika. Mwafrika hakuwamo miongoni mwao. Mapatano yale hayakupata kuwa sheria kamili kwa sababu baadhi ya Serikali hazikuyathibitisha, lakini sheria nyingi za wanyama katika makoloni zilifuata mfano wake.

Kipimo chao kilikuwa nini? Kwanza ni faida. Tumbusi, bundi na ndege karani waliandikwa kuwa wasiuawe kwa kuwa wana manufaa kwa watu. Pili ni uchache, nao twiga, sokwe na wengine waliandikwa kwa sababu hiyo. Lakini kulikuwa na orodha nyingine, ya wanyama waharibifu ambao ilitakiwa wapunguzwe: simba, chui, fisi, nyani, mamba, nyoka wenye sumu, na mbwa mwitu. Msomaji na amtazame huyo wa mwisho. Mbwa mwitu aliyeandikwa mwaka 1900 kuwa apunguzwe, leo yumo katika orodha za dunia nzima miongoni mwa wanyama walio hatarini kwisha. Na tumbusi, ambaye mabwana wale walisema asiguswe, amekuja kuuawa kwa wingi bila mtu yeyote kumlenga kwa bunduki. Nitalieleza jambo hilo baadaye.

Mwaka ule wa 1900 hapakuwa na mtu aliyewahesabu wanyama. Iliaminika kwamba kifaru ni wengi kwa kuwa kila msafiri alikutana naye. Hata miaka arobaini baadaye imani hiyo ilikuwa bado na nguvu. Kati ya mwaka 1944 na 1946 Serikali ya Koloni ya Kenya ilitaka kuifungua nchi ya Makueni ili Wakamba waliosongamana kwenye vilima wapate mahali pa kulima. Nchi ile ilijaa vichaka, ndorobo na vifaru. Bwana J. A. Hunter wa Idara ya Wanyama akapelekwa na bunduki yake, na katika muda wa miaka miwili hivi akaua vifaru karibu elfu moja. Hakuvunja sheria hata moja. Alikuwa akipokea mshahara kwa kazi hiyo. Simwandiki ili nimlaumu, kwa kuwa watu walihitaji ardhi, na wajukuu wao wangali wanalima huko hata leo. Namwandika ili tuone kwamba uamuzi wa nani alindwe na nani aondolewe haukuwa na hesabu ndani yake. Ulikuwa na haja ya siku ile tu.

Hesabu ilipokuja, ilikuja na habari mbaya. Mwaka 1970 hivi, vifaru weusi wa Kenya walikadiriwa kufika 20,000. Kabla ya miaka ya 1980 kwisha walikuwa wamebaki chini ya 400. Pembe zao zilikwenda Yemen kutengenezewa mipini ya jambia, na nyingine zilikwenda Mashariki ya Mbali kuwa dawa. Ndovu nao walishuka kutoka zaidi ya 160,000 mwaka 1973 hata kufikia kama 16,000 mwaka 1989. Mtu awezaye kusoma tarakimu hizi na asishtuke, nadhani hajapata kupoteza ng'ombe.

Basi, ni kipimo gani kitumikacho siku hizi? Mwaka 1948, katika mji wa Fontainebleau, Ufaransa, ulianzishwa umoja wa kimataifa wa kuhifadhi viumbe, ambamo Serikali na vyama vya wataalamu hukaa pamoja. Mwaka 1964 umoja huo ulianza kuweka orodha ya viumbe walio hatarini, ambayo hujulikana kama Orodha Nyekundu. Kwa miaka thelathini orodha hiyo ilitegemea sana maoni ya mabingwa. Bingwa akisema mnyama huyu yumo hatarini, aliandikwa. Na bingwa wa mnyama mwingine akikaa kimya, mnyama wake aliachwa. Ndipo mwaka 1994 vikakubaliwa vipimo vya tarakimu, vikatengenezwa tena mwaka 2001, na hivyo ndivyo vitumikavyo.

Mfano wa mbuzi utatusaidia. Mtu akiwa na mbuzi 100, na katika muda wa miaka kumi wakawa 70, amepoteza sehemu 30 katika mia. Mnyama wa mwitu akipungua kiasi hicho huhesabiwa kuwa mashakani. Wakibaki 50, amefika daraja la pili, yaani yumo hatarini. Wakibaki 20 tu, huyo yumo katika hatari kuu kabisa, na baada ya hapo liko kaburi. Lakini muda hauwi miaka kumi kwa kila mnyama. Panya huzaa na kuzeeka upesi, na ndovu huchelewa. Kwa hiyo wataalamu huchukua muda wa vizazi vitatu, kama ni zaidi ya miaka kumi. Kizazi kimoja cha ndovu wa mbugani huhesabiwa kuwa kama miaka 25, basi kumpima ndovu kwataka kutazama nyuma miaka 75 hivi. Ndiyo sababu mtu aonaye ndovu wengi karibu na kijiji chake leo aweza kuambiwa kwamba mnyama huyo yumo hatarini, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Viko na vipimo vingine. Mnyama aweza asiwe anapungua, lakini akawa mchache tangu hapo: wakiwa wakubwa wawezao kuzaa ni chini ya 50, hiyo ni hatari kuu kabisa. Au mahali akaapo paweza kuwa padogo mno, hata moto mmoja au maradhi mamoja yakatosha kummaliza.

Tena liko swali litangulialo yote: Mnyama mwenyewe ni nani? Kwa miaka mingi ndovu wa Afrika alihesabiwa kuwa mmoja. Mwaka 2021 wataalamu wa umoja ule walimpima kuwa wawili, ndovu wa mbugani na ndovu wa misitu ya Kongo na Afrika ya Magharibi. Ikaonekana kwamba yule wa mbugani amepungua kwa sehemu 60 katika mia kwa miaka 50, naye wa msituni kwa zaidi ya sehemu 86 katika miaka 31. Walipohesabiwa pamoja, msiba wa mmoja ulifichwa na wingi wa mwenzake.

Hata hivyo Orodha Nyekundu si sheria. Hakuna askari awezaye kumkamata mtu kwa sababu yake. Ni kama cheti cha daktari, ambacho husema ugonjwa lakini hakinunui dawa. Kuandika sheria ni kazi ya Serikali, na hapo ndipo ubishi unapoanza, kwa kuwa Serikali ina watu wa kulisha, barabara za kujenga na kura za kutafuta.

Hakuna nchi iliyoonja ubishi huo kuliko Marekani. Mwezi wa Desemba mwaka 1973 Rais Nixon alitia sahihi sheria ya viumbe walio hatarini. Kwa sheria hiyo mtu yeyote, hata mkulima au mwalimu, aweza kuiandikia Serikali kuomba kiumbe fulani kiandikwe. Serikali yatakiwa kujibu kwa kadiri iwezekanavyo katika siku 90 kama ombi lina msingi, na katika miezi 12 iseme ndiyo au hapana. Mambo yatazamwayo ni matano: kuharibiwa kwa makao ya mnyama, kuwindwa kupita kiasi, maradhi na wanyama wamlao, upungufu wa sheria zilizopo, na sababu nyingine yoyote ihatarishayo maisha yake. Gharama haimo. Mwaka 1982 Bunge lao liliongeza maneno yaliyo wazi kwamba uamuzi wa kumwandika mnyama ufuate maarifa ya elimu peke yake, wala isiulizwe ni fedha kiasi gani zitapotea.

Mwaka ule ule wa 1973, katika mto uitwao Little Tennessee, mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Bwana David Etnier, alimkuta samaki asiyezidi urefu wa kidole, ambaye hakuwa amepata kuandikwa na mtu. Tatizo ni kwamba juu ya mto huo lilikuwa likijengwa bwawa kubwa la Tellico, tangu mwaka 1967, kwa mamilioni ya dola. Mwaka 1975 samaki yule aliingizwa katika orodha. Wenyeji ambao mashamba yao yangefunikwa na maji walikwenda mahakamani pamoja na marafiki wa samaki, na mwezi wa Juni mwaka 1978 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ikaamua, majaji sita dhidi ya watatu, kwamba sheria ni sheria: bwawa lisimame. Hebu fikiri! Ukuta ulikuwa karibu umekwisha, na ulizuiwa na kisamaki kisichotosha mboga ya mtoto.

Wabunge walikasirika. Waliunda kamati ya wakubwa wa Serikali yenye uwezo wa kuruhusu kazi iendelee hata kama kiumbe kitakwisha, na watu wakaipa kwa mzaha jina la kikosi cha Mungu. Mwezi wa Januari mwaka 1979 kamati hiyo ilipima habari ya Tellico, na kwa mshangao wa wengi ikakataa kwa kauli moja, kwa kuwa iligundua kwamba hata bwawa lenyewe halikuwa na faida ya kulipa gharama zake. Lakini mwisho Bunge likapenyeza maneno machache ndani ya sheria ya matumizi ya fedha, Rais Carter akaitia sahihi, na mwezi wa Novemba mwaka huo milango ya bwawa ikafungwa.

Samaki hakufa wote. Baadhi walikuwa wamehamishiwa mito mingine, na wengine wakaonekana mahali ambapo hapakujulikana, hata mwaka 2022 wakaondolewa katika orodha kwa kuwa wamepona. Na mwaka 2025 wataalamu wengine walichapisha uchunguzi wao wakisema kwamba samaki yule hakuwa kabila la peke yake tangu mwanzo, bali ni tawi la samaki mwingine ajulikanaye. Wako waliocheka. Mimi naona ni afadhali elimu ijisahihishe baada ya miaka hamsini kuliko isijisahihishe kamwe, ijapokuwa wale waliopoteza mashamba yao kwa bwawa hawakupata kurudishiwa kitu.

Mataifa yakikaa pamoja, uamuzi huwa wa kura. Mkataba wa biashara ya viumbe wa mwitu ulitiwa sahihi Washington mwezi wa Machi mwaka 1973. Mnyama aliyeandikwa katika Nyongeza ya Kwanza haruhusiwi kuuzwa nje kwa biashara, wala pembe yake, wala ngozi yake. Aliye katika Nyongeza ya Pili huuzwa kwa kibali. Kumhamisha mnyama kutoka moja kwenda nyingine kwataka theluthi mbili za kura. Mwezi wa Julai mwaka 1989 Mheshimiwa Rais Daniel arap Moi alichoma moto tani 12 za pembe za ndovu katika mbuga ya Nairobi, ili ulimwengu uone, na mwezi wa Oktoba wajumbe waliokutana Lausanne, Uswisi, wakamwingiza ndovu wa Afrika katika Nyongeza ya Kwanza. Nchi za kusini kama Zimbabwe na Botswana zilipinga vikali, zikasema ndovu wao ni wengi na kwamba hazikustahili kuadhibiwa kwa wizi uliofanyika kwingine. Mwaka 1997, katika mkutano wa Harare, ndovu wa Botswana, Namibia na Zimbabwe walirudishwa Nyongeza ya Pili, na wa Afrika ya Kusini wakafuata mwaka 2000. Hivyo ndovu mmoja huyo huyo, akivuka mpaka kwa miguu yake, hubadilika mbele ya sheria.

Sasa turudi Kenya. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, kwa hiyo hakuna mnyama wa mwitu ambaye mtu aweza kumwinda apendavyo. Lakini Sheria ya Wanyama Pori ya mwaka 2013 iliongeza Jedwali la Sita, lenye majina ya walio hatarini, na ilipoandikwa iliweka adhabu ya kutisha kwa kosa juu ya wanyama hao: faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, au yote mawili. Baadaye Bunge lilirekebisha vifungu hivyo vya adhabu. Sheria hiyo hiyo iliandika fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa wa mtu aliyeuawa na mnyama, ingawa waliosubiri malipo kwa miaka mingi ni wengi, na hili wasomaji wetu wa Taita na Laikipia hawahitaji kuambiwa na mtu.

Orodha bila hesabu ni hadithi tu, na kuhesabu ni kazi ngumu. Mwaka 2021 Kenya ilifanya hesabu yake ya kwanza ya wanyama wa nchi nzima, kwa ndege na kwa miguu. Walipatikana ndovu 36,280 na vifaru 1,739, na katika hao vifaru weusi walikuwa 897. Kifaru huhesabiwa kwa urahisi kidogo kwa kuwa wengi wao wana alama zilizokatwa masikioni, kama mifugo. Punda milia wa Grevy, wa Samburu na Laikipia, hujulikana kwa milia yake, maana hakuna wawili waliofanana, kama vidole vya watu. Mwezi wa Januari mwaka 2016 watu zaidi ya 500, wakiwamo wenyeji wa kawaida, walizunguka kwa siku mbili wakiwapiga picha, na hesabu ikawa 2,350. Miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa kama 15,000.

Wakati mwingine Serikali humwandika mnyama kwa nia njema, na wenyeji wakakataa njia yake. Hirola ni swala wa Garissa mwenye alama ya miwani usoni, asiye na ndugu wa karibu duniani. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 10,000. Katika hesabu ya 2021 walikuwa 497. Mwaka 1996 Shirika la Wanyama Pori lilitaka kuwahamishia wengine Tsavo, wenyeji wakaenda mahakamani, na mahakama ikakubaliana nao kwamba kazi ya Shirika ni kumtunza mnyama mahali pake. Ilidhaniwa kwamba wafugaji wale hawamjali hirola. Mwaka 2012 watu wa Ijara walizungushia ua sehemu ya nchi yao wenyewe huko Ishaqbini, wakaingizwa humo hirola 48, na wamezaana.

Nimeahidi kueleza habari ya tumbusi. Mfugaji ambaye ng'ombe wake ameuawa na simba au fisi huweza kupaka mzoga dawa ya kuua wadudu wa shambani, ili mwuaji akirudi afe. Simba akirudi hufa kweli. Lakini kabla hajarudi, tumbusi mia wameshuka juu ya mzoga ule. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliingizwa kwa mkupuo mmoja katika daraja la hatari kuu kabisa, na sumu ni mojawapo ya sababu kubwa. Hapa sheria yafika mwisho wa mkono wake, kwa sababu hakuna askari wa kusimama kando ya kila mzoga. Na mizoga isiyoliwa na tumbusi huachiwa mbwa na mbwa koko, ambao huzurura na maradhi mpaka mlangoni.

Nitamtaja mnyama mmoja tena, kwa kuwa hufundisha jinsi orodha ya dunia isivyotosha. Korongo ni swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma. Katika Afrika nzima bado ni wengi, na Orodha Nyekundu humweka katika daraja la wasio na hatari. Mtu akifuata orodha hiyo peke yake hatakuwa na sababu ya kumshughulikia. Lakini katika Kenya amebaki mahali pamoja tu, bonde la Lambwe karibu na ziwa, ambalo watu waliliogopa zamani kwa sababu ya ndorobo na malale, na ambalo lilifanywa hifadhi mwaka 1966 na leo huitwa Mbuga ya Ruma. Hesabu ya mwaka 2021 iliwakuta korongo 15. Askari wa mbuga wametengewa sehemu yenye ua ndani ya bonde hilo ili kuwalinda, na kila ndama azaliwaye huandikwa.